Maswali yenu: mwandishi wa riwaya anaishi kwa nini hasa?

Hamjambo wapendwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nimekabidhi muswada wa riwaya yangu ya tatu baada ya kuhangaika nao miaka minne, basi meseji zikaanza kuingia, na karibu zote zinauliza jambo lilelile, Anti unaishije, unakula nini, nguvu ya kurudi kwenye kitu hichohicho miaka yote hiyo unaitoa wapi. Nimechagua saba. Nyingine nimezijibu inboksi, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Mwalimu, Kahama
*Shikamoo Anti. Nafundisha Kiswahili na historia sekondari, nina miaka 31. Muswada wangu umefika kurasa 90 umekwama, vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha, vikao haviishi. Nina akiba ya kama miezi minane hivi. Nataka niache kazi niandike mpaka nimalize. Mke wangu hajakubali. Unasemaje?*

Marahaba mwalimu. Nasema usiache, na sikwambii hivyo kwa kukutisha, nakwambia kwa sababu ninautaka huo muswada wako ufike mwisho.

Mi ni mhasibu wa shule mwaka wa kumi na tisa huu kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu. Tuseme kitabu chako kinauzwa 10,000 na mkataba unasema mrabaha asilimia 10, ambayo ndo nimeiona kwenye mikataba mingi, hapo kila nakala inakupa buku moja. Tuseme zimechapwa nakala 1,000 na zote zikaisha kwa miaka mitatu. Ni milioni moja. Gawa kwa miezi 36, haifiki hata elfu 28 kwa mwezi. Na hapo ni kama zimeisha, na kama umelipwa. Riwaya yangu ya kwanza nililipwa mara moja tu, mwaka ule wa kwanza, halafu kimya, kitabu nakiona kinauzwa stendi, mchapishaji hesabu haleti na simu hapokei. Iliniuma mno. Karibu mwaka mzima kila nikikaa mezani nilikuwa naandika na hasira, naandika mistari miwili nafuta mitatu. Kilichonitoa pale ni kwamba tarehe za mwisho wa mwezi mshahara wa shule ulikuwa unaingia kama kawaida, ada ya mtoto inalipwa, unga upo, na polepole kile kinyongo kikapungua nikaanza tena kuwasikia watu wangu wa kwenye hadithi wakiongea.

Hapo ndo nataka unielewe vizuri. Siku utakayoacha kazi, hiyo riwaya yako ya kurasa 90 ndo itakuwa inadaiwa kodi ya nyumba na hela ya matibabu, na riwaya ambayo haijaiva haiwezi kubeba deni hilo, utaanza kuisukuma ifike mwisho kwa sababu akiba imebaki ya wiki tatu. Nimeshuhudia watu wenye kipaji kunizidi wakimaliza vitabu vyao hivyo na ukisoma unaona kabisa ni wapi hela iliisha.

Halafu angalia waliotutangulia. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, Pangani na vituo vingine, akakaa huko mpaka 1944. Akatoka akaenda idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya jimbo Tanga, kisha upimaji ardhi mpaka 1960. Yaani mtu huyu tunayemwita baba wa fasihi yetu ya kisasa aliandika Kusadikika, iliyotoka 1951, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni anayeripoti ofisini asubuhi, na humo kwenye kitabu anaiweka serikali isiyosikiliza raia wake kizimbani. Na kuna jambo huwa nalifikiria sana mimi mwenzake wa ofisini, kwamba ndani ya Utubora Mkulima anamwandika mtu aliyeacha kazi ya ofisi akaenda kulima na akapata utulivu wa moyo, lakini yeye Shaaban mwenyewe ofisini aliendelea kwenda miaka mingi. Nadhani kuna vitu unamruhusu mhusika wako avifanye kwa sababu wewe una watu wanaokutegemea.

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, naye alikuwa mwalimu kama wewe, sekondari kwanza halafu chuo kikuu Dar, baadaye Botswana. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka anastaafu, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987 na tuzo ya Nobel ikaja 2021, miaka 34 hapo katikati na muda mwingi wa hiyo alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali mpaka kustaafu kwake, na ile riwaya yake kubwa ya vitabu vitatu kuhusu familia ya Cairo ilitoka akiwa bado kazini.

Najua utaniambia mbona Kenya waandishi wanapata. Wapo, kitabu kikichaguliwa kuwa setibuku kinanunuliwa na wanafunzi wa nchi nzima, ni hela ya maana kabisa. Lakini wanaochaguliwa ni wachache, na baada ya miaka kadhaa kinabadilishwa kinakuja kingine. Ken Walibora ambaye vitabu vyake vilisomwa na karibu kila kijana wa Kenya alikuwa mwalimu, akasoma habari kwenye runinga, akawa mhadhiri. Hakuacha kufanya kazi.

Sa mke wako. Usimwombe ruhusa ya kuacha kazi. Mwombe jioni mbili kwa wiki, na wiki mbili za likizo ya Desemba, na umwambie ni jioni zipi ili asikungoje kwa mambo mengine. Kurasa 90 umeziandika ukiwa na vipindi vyote hivyo, kwa hiyo mpaka hapo umeshaonesha inawezekana. Na huko darasani usikuone kama kunakuibia, una watoto arobaini mbele yako kila siku wanaoongea Kiswahili cha leo hii, mwandishi aliyejifungia ndani miezi minane atakipata wapi?

Kijana, Singida
*Anti sina laptopu, naandika kwenye simu. Kweli naweza kumaliza riwaya hivi?*

Unaweza. Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, mwaka 1978 aliandika riwaya nzima ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Sikwambii ufurahie shida, nakwambia kifaa sio kinachobeba kazi. Ila kila siku ukimaliza jitumie hiyo sura kwenye imeili yako mwenyewe, maana simu inaibiwa, inaanguka kwenye ndoo ya maji, na kurasa mia mbili zilizopotea sijui mtu anazirudishaje. Na mara moja kwa mwezi zinakili kwenye daftari zile sehemu unazozipenda, kwa mkono, utaona mwenyewe sentensi zipi zinakuchosha kuziandika. Hizo kata.

Mama wawili, Kisauni, Mombasa
*Shangazi, mie napika viazi karai na bajia za kuuza jioni, nina watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu. Naandika kwenye daftari usiku. Shida yangu sio mawazo, mawazo ninayo, ila nikikaa tu kuandika naona kama nawaibia wanangu. Na nusu ya siku silali vizuri. Wenzangu wafanyaje?*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Hilo la kuona unaiba nalijua, niliishi nalo mpaka mwanangu wa kwanza akafika darasa la nne, na naomba nikwambie wazi kwamba huwaibii. Mtoto anayekua akimwona mama yake ana kitu chake anachokithamini na anakirudia kila siku, huyo amepata, hajapoteza.

Toni Morrison wa Marekani alilea watoto wawili wa kiume peke yake baada ya ndoa kuvunjika huku ameajiriwa kama mhariri kwenye kampuni ya vitabu, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1970. Alieleza kwamba alikuwa anaamka giza bado, anapika kahawa, anakunywa huku akiangalia mwanga unavyoingia, na hapo ndo anaandika kabla watoto hawajaamka. Mwanzoni ilikuwa tu kwa sababu hakuwa na muda mwingine, baadaye ikawa ndo saa yake, hata watoto walipokuwa wakubwa. Kuna Mwingereza wa zamani, Anthony Trollope, alikuwa mtu wa posta, na yeye alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri akiandika mpaka muda wa kujiandaa kwenda kazini, saa yake mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Ila yeye alikuwa na mtumishi anayelipwa zaidi kwa ajili ya kumwamsha na kumletea kahawa. Wewe huna, wewe ndo unayewaamsha wengine, kwa hiyo usijipime naye. Chukua dakika 25. Mi yangu ni saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro, adhana ya alfajiri inanikuta mezani, naswali narudi. Sina maana wewe ufanye hivyo na mtoto wa mwaka na nusu, wewe lala dada, usingizi ni sehemu ya kazi, kichwa kisicholala kinaandika maneno ya juujuu. Tafuta tu kidirisha ambacho ni kilekile kila siku, labda mdogo akilala mchana kabla hujaanza kumenya viazi.

Na kuna mbinu moja Hemingway, mwandishi wa Marekani, aliisema nami imenisaidia kuliko mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria: acha kuandika pale ambapo bado unajua nini kinafuata. Usiimalize. Watu wengi tunaandika mpaka tukaukiwe ndo tunainuka, kesho yake tunakuta kisima kitupu tunaogopa kukaribia. Mi huwa naacha sentensi nusu kabisa. Kwa mtu wa dakika 25 hii ni dawa, maana hupotezi dakika kumi za kwanza kujiuliza nilikuwa wapi.

Halafu kwenye karai lako, mafuta yakichemka mikono inafanya kazi lakini masikio yako huru. Wateja wanaongea. Weka daftari dogo chini ya meza, likiingia mafuta na liingie.

Mwanza, hadithi za Watsapu
*Anti mambo! Mi naandika hadithi nauza kwenye grupu, watu kama 400, buku moja kila mmoja hadithi ikiisha. Kila usiku lazima nitume sehemu mpya la sivyo wananivurugia inboksi. Hela napata ila nimechoka vibaya na kuna jamaa kaniambia hii sio fasihi. Niendelee?*

Poa mdogo wangu. Nianze na huyo jamaa. Riwaya za kipelelezi zilizofanya kizazi cha wazazi wetu wapende kusoma zilidharauliwa hivyohivyo. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa magazeti, alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, leo anasomwa vyuo vikuu. Elvis Musiba aliyemtunga Willy Gamba alikuwa mfanyabiashara, mpaka akaongoza chemba ya wafanyabiashara Tanzania, na Kufa na Kupona ya 1974 ilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zinachomoka. Watu 400 wanaokosa usingizi wakikungoja ni kitu ambacho waandishi wengi wenye digrii hawajawahi kukipata hata siku moja, mimi mmoja wao, na ninakuombea usikipoteze.

Ila uchovu wako ni wa kweli na usipoushughulikia utakumaliza. Msomaji anayekungoja anakupa nguvu, sawa, lakini anayekungoja kila usiku anakunywa mpaka tope. Fanya hivi: hadithi hii imalize, halafu waambie ukweli kwamba unapumzika wiki sita. Katika hizo wiki sita andika hadithi inayofuata yote, mwanzo mpaka mwisho, isome upya, ndo uanze kutuma sehemu mojamoja. Utakuwa unatuma kitu kilichokwishapikwa, usiku wako unarudi. Baadhi wataondoka. Wakiondoka mia bado una laki tatu na una akili yako. Nyingine ni wizi, najua kuna watu wanakusanya sehemu zote wanatengeneza faili wanasambaza bure, hilo linaumiza na hakuna dawa ya uhakika, lakini kabla hujatuma sehemu ya kwanza peleka hadithi nzima COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ukaisajili, ukitokea ugomvi una karatasi mkononi. Na anza kuziweka pamoja zile nzuri zaidi, zihaririwe na mtu anayejua, zichapwe. Hadithi iliyokaa kwenye grupu peke yake inazama na simu.

Mtu wa Unguja, Maskati
*Shikamoo bi mkubwa. Niko huku mwaka wa kumi na moja, kazi ya usimamizi wa ghala. Nilianza riwaya ya mtaa wetu Ng'ambo, kama ulivyokuwa nilipokuwa mdogo. Sasa naona Kiswahili changu kinakauka, naandika neno nasita, hivi bado wanasema hivi? Naogopa naandika mtaa uliokufa.*

Marahaba mwanangu. Hofu hiyo ni ya heshima, maana yake unajali. Lakini sikubaliani na wewe kwamba kuwa mbali kunakausha. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alifundisha Japani, kisha Ujerumani miaka mingi, na riwaya zake nyingi kaziandika akiwa huko, kwa Kiswahili ambacho sisi tuliobaki nyumbani tunakifungulia kamusi. Gurnah aliondoka Unguja kijana mdogo miaka ya 60, yeye anaandika kwa Kiingereza, lakini riwaya kumi na moja na bado hajamaliza kuutazama ule mwambao. Nilipoisoma Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, nilihisi maneno yamerudi kwao, kama vile yalikuwa yamekaa ndani ya kile Kiingereza yakingoja. Umbali unafanya kitu kimoja ambacho sisi wa hapa hatukipati, unakufanya ukumbuke kwa makini. Mimi napita mtaa wangu kila siku siuoni.

Na wewe uko Maskati! Huko kuna nyumba za wazee waliotoka Unguja na Pemba miaka ya 60 na 70, na Kiswahili walichobeba hakijachanganyika na hiki chetu cha sasa cha redio na daladala. Kaa nao Ijumaa baada ya sala, usiende na maswali, nenda ukanywe kahawa tu. Ukisikia neno ulilolingoja, andika. Kwa mama nyumbani usipige simu ya dakika tatu ya kuulizana hali, mwambie akutumie voisi, akuelezee jirani fulani alioaje, duka la pembeni lilikuwa la nani. Zihifadhi hizo voisi. Ukikwama sikiliza moja kabla ya kuandika, sio kwa ajili ya habari, kwa ajili ya mwendo wa sauti.

Na kuhusu mtaa uliokufa, kama unaokumbuka hivyo haupo tena nje basi ni wewe peke yako unayeweza kutuletea. Hiyo sio sababu ya kuacha.

Morogoro
*Dada, muswada wangu umekataliwa na wachapishaji watatu. Mmoja hakujibu kabisa. Nina miaka 46. Nikubali kwamba sina kipaji?*

Watatu ni wachache, naomba radhi kukwambia hivyo kwa sababu najua kila moja liliuma peke yake. Mchapishaji wa kwetu anaishi kwa vitabu vya shule, riwaya kwake ni hasara anayoihesabu kabla hajafungua bahasha, kwa hiyo kukataliwa mara nyingi hakusemi lolote kuhusu kipaji. Riwaya tatu za Shaaban Robert, Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilitoka 1967 na 1968. Yeye alifariki 1962. Hakuwahi kuzishika. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kufundishwa kwenye mashule hayohayo.

Kwa hiyo mi naangalia kitu kingine kabisa kwenye barua yako. Hujataja mtu yeyote aliyeusoma huo muswada zaidi ya wachapishaji watatu. Nani mwingine amesoma? Shaaban alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, alimwandikia barua tangu 1931 mpaka 1958, zimekusanywa kitabu kizima, na ukizisoma unaona kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kila alichokuwa anakipanga alikuwa anamwambia. Mimi ninaye mmoja, tulisoma naye chuo, sio mwandishi, anauza vitambaa, lakini akiniambia hapa nilichoka najua amechoka kweli na akiniambia nililia najua alilia. Bila yeye nisingeandika riwaya ya pili, hilo nalisema mbele ya Mungu. Tafuta mmoja. Asiwe wa kukusifia na asiwe mshindani wako, awe tu anayesoma mpaka mwisho na kusema kweli.

Baada ya hapo urekebishe, ndo upeleke kwenye tuzo, maana zinapokea miswada ambayo haijachapwa. Ipo ya Safal-Cornell iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu chini ya Taasisi ya Elimu. Soma masharti yao taratibu, idadi ya maneno na tarehe, miswada mingi inatupwa kwa hilo tu. Miaka 46 sio kitu, mimi cha kwanza kilitoka nina 41.

Bukoba
*Anti mimi nilimaliza. Riwaya ilitoka mwaka juzi, watu waliipenda. Tangu hapo sijaandika hata ukurasa. Nakaa, hakuna kitu. Naona kama ile ilikuwa moja tu na imeisha. Nafanyaje?*

Pole mwanangu. Nakuuliza kwanza, unakula vizuri, unalala, kuna msiba au ugonjwa nyumbani? Wakati mwingine sio uandishi uliokauka, ni mtu mzima amechoka, na hapo dawa yake iko hospitali au kwa ndugu, haiko mezani.

Kama uko salama basi usikilize hili. Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad 1978 na Kuli mwaka uliofuata. Iliyofuata tunayoijua sote, Vuta N'kuvute, ilitoka 1999. Miaka ishirini. Sasa nenda ukaisome halafu uniambie kama unaona mtu aliyekuwa amekwisha. Sisi tunaona tarehe za vitabu, hatuoni yaliyokuwa yanaingia ndani yake miaka yote hiyo.

Mimi baada ya riwaya ya pili nilikaa mwaka na miezi saba bila kitu. Nilikuwa najilazimisha kukaa mezani ile saa yangu ya alfajiri, naangalia karatasi, mwisho nikaacha kujilazimisha kuandika ila saa ile sikuiacha. Nikawa natoka. Jumamosi nikawa nateremka Deep Sea pale Tanga wavuvi wakirudi, nasimama kwenye mnada wa samaki, sinunui, nasikiliza tu. Nilifanya hivyo miezi na miezi na sikupata chochote, nakwambia ukweli ili usidhani ukienda wiki moja basi. Jumamosi moja akaja mama mmoja wa makamo na kikapu, akamwambia muuzaji, mwanangu nipatie na kichwa, mzee wangu siku hizi nyama hali, anakunywa mchuzi tu. Akalipa akaondoka. Sikumjua na sikumfuata, lakini njia nzima nikipandisha kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza huyo mzee ameacha kula tangu lini, na huyu mama yeye anakula na nani. Kufika tu nikakaa. Maneno ya mama yule ndo sentensi ya kwanza ya muswada niliokabidhi mwezi uliopita.